Ndugu wa Tumbo Moja

Kikopo namba kumi na saba ni chako, Nuwagaba.
Jina hawakuandika; maabara haitaki majina.
Lakini nani mwingine, katika wodi nzima hapa Mbarara,
angekifunga kikopo cha choo kwa uzi mwekundu wa sweta,
mafundo matatu, kama ulivyofunga
barua, peremende, daftari lako la hesabu, kila kitu?

Nimevaa glavu. Nimekata uzi.
Nimechota kiasi cha punje ya ulezi,
nikakipaka kiooni, nikakipitisha motoni, nikatia rangi,
kisha nikaiinamia hadubini kukuchungulia.

Wamo.
Vijiti vya zambarau, shanga za waridi,
wengine wawili wawili
kama wanakwaya wanaongoja kuitwa ndani.
Hawana macho, hawana masikio,
na daktari Kemigisha anasema huenda
ndio wanaopiga soga na ubongo wako usiku kucha
kupitia mshipa mmoja mrefu wa fahamu
unaoshuka toka kisogoni hadi matumboni.
Huenda. Hamalizi sentensi bila huenda yake.
Tuhesabu kwanza, anasema,
na mimi nahesabu.

Unamkumbuka mwalimu Oketcho, na misemo yake ubaoni?
Tumbo joto, ni mtu mwenye wasiwasi.
Kukata maini, ni kuumiza mtu kwa maneno.
Ndugu wa tumbo moja, ni mimi na wewe.
Ukanyoosha mkono: "Mwalimu,
Waswahili hawana vichwa?"
Darasa likaanguka kwa kicheko.
Ulikuwa na miaka kumi na mitatu
na hakuna redio iliyokuwa ikikutaja.

Halafu ile homa ya matumbo.
Siku kumi na nne za vidonge,
kisha kumi na nne nyingine, vyeupe, vikubwa, vya kukwama kooni.
Homa ikaondoka.
Iliondoka na nani?
Maana ni baada ya hapo ulipoanza kunusa chai,
kugeuza sahani ukutani,
kuniuliza kwa nini redio iliyozimwa
inalijua jina lako la ubatizo.
Jirani akasema umerogwa.
Mjomba akasema bangi.
Mimi sikusema kitu.
Nilikuwa na mtihani wa mikrobiolojia siku ya Jumanne.

Mama hajui neno bakteria.
Lakini kila Jumamosi hutoka Ibanda na kidumu cha bushera,
kifuniko amekilegeza kidogo
kwa sababu kilichomo kinapumua,
na ukikibana sana, anasema, kitakuchafulia abiria.
Muuguzi alimkataza. Akakificha chini ya kitenge.
Daktari alipoambiwa hakukasirika,
aliomba kijiko kimoja kwa ajili ya maabara.
Basi nimeiweka bushera ya mama chini ya kioo kilekile:
vijiti, vijiti, vijiti vya zambarau,
umati wa siku ya gulio.

Sisemi ni dawa.
Dawa yako unaimeza saa mbili asubuhi na saa mbili usiku
na ole wako nikikuta umeificha chini ya ulimi.
Wala sisemi ni vile vidonge, au homa, au damu ya baba
aliyekuwa akizungumza na ng'ombe aliokwisha kuwauza.
Nimesoma miaka mitatu nikafika kwenye huenda
na hapo ndipo nilipo,
na koti jeupe.

Saa kumi nanawa mikono mpaka viwiko.
Nakuja wodini. Umekaa unautazama mlango.
"Umeniona?"
Nimekuona.
"Wako wangapi?"
Wengi. Sijamaliza.
"Wananisema?"
Kidumu kinahema kwenye magoti ya mama.
Namimina kikombe kimoja,
nanywa nusu mbele ya macho yako, polepole, uone koo likishuka,
nusu nakupa.

Unanusa.
Unanusa tena.